Nishani ya Frimasoni niliyouziwa kama ya Harper: nyota 3 kati ya 5

Nimekaa nayo miezi minne sasa, hasira zimeshapoa. Niliinunua mtandaoni kwa muuza vitu vya kale hapa Uingereza, pauni 85. Tangazo lilisema ni dhahabu, tena kazi ya Thomas Harper, yule sonara wa Fleet Street, London, ambaye nishani zake wakusanyaji huzigombania.

Ilipofika nikaigeuza, nikachukua lenzi. Amegongwa simba anayetembea, maana yake fedha halisi, na kando yake nanga, alama ya Birmingham. London iko wapi hapo? Maandishi yaliyochongwa yanasema ilitolewa 1926. Harper alifariki 1832! Dhahabu yenyewe ni ya kuchovya, pembeni imeshalika. Nikalalamika, nikarudishiwa pauni 30 bila maneno mengi.

Sikuirudisha, kwa sababu ya umbo lake. Waingereza huziita vito, ingawa yangu haina jiwe hata moja. Kila kiongozi wa loji (tawi la Frimasoni) ana yake: mkuu huvaa guni (kifaa cha fundi cha kupimia kona ya mraba), wasaidizi wake wawili pimamaji (ya kizamani, isiyo na maji) na timazi (ya kupimia wima), mweka hazina ufunguo, katibu kalamu mbili zilizopishana. Hii ni ya mkuu aliyemaliza zamu: guni, na ndani yake kinaning'inia kibati chenye pembetatu iliyozungukwa na miraba mitatu. Ni kanuni ya 47 katika kitabu cha kwanza cha Euclid, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, ile tuliyoikariri shuleni kwa jina la Pythagoras.

Baba yangu ni mwashi. Kona ya msingi huipata kwa kanuni hiyo hiyo, kwa kamba: futi 3 huku, 4 kule, mshazari ukija 5 kona imekaa. Nilimtumia picha nikisubiri mahubiri, maana kwetu Frimasoni akitajwa watu huwaza kafara na utajiri wa ghafla. Mzee akaikuza picha, akauliza: "Kumbe nao wanapima tatu-nne-tano?"

Ukitaka kununua, pitia kwanza makumbusho yaliyo ndani ya Freemasons' Hall, Great Queen Street, London. Kuingia ni bure. Jengo hilo lilijengwa 1927 hadi 1933 kuwakumbuka wenzao waliokufa Vita Kuu ya Kwanza, na waliochangia walipewa nishani maalumu. Kwa anayeanza, hiyo ndiyo ningeitafuta.

Yangu pini imelegea na utepe wa buluu umefifia. Nyota moja imeondoka hapo. Ya pili ni ya Harper.