Mkaa wa kuchomea nyama nyumbani: vunja kipande kabla ya kulipa

Siku mpwa wangu alipopata kipaimara, shughuli ilikuwa kwetu Mbezi. Mbuzi mmoja, kilo nne za mishikaki, jiko la pipa lililokatwa katikati, na gunia la mkaa nililolinunua mwenyewe kando ya Barabara ya Morogoro kwa shilingi 85,000. Gunia lilikuwa na kishungi kimesimama, mapande yake makubwa mazito, nikajipongeza njia nzima. Mama mkwe ndiye aliyeonja wa kwanza, kama heshima inavyotaka. Akatafuna, akanyamaza, akatafuna tena, kisha akaniita pembeni kwa sauti ya chini: "Mwanangu, hii nyama mmeipika na mafuta ya taa?"

Nilimgeukia mume wangu, kwa sababu moto aliwasha yeye. Akaapa kwa jina la marehemu baba yake kwamba alitumia karatasi na vijiti tu. Sikumwamini, na usiku ule tulilala kila mtu ameelekea ukuta wake.

Asubuhi nikazoa majivu. Katikati ya jiko nikakuta pande moja halijaisha, refu kama kiganja, jeusi tii kwa nje. Nikaligonga kwenye ukingo wa ngazi. Halikulia, lilitoa "puu" kama mtu anapiga godoro. Nikalipasua kwa panga, na ndani lilikuwa la kahawia, nyuzi za mti zinaonekana kabisa, na harufu yake ni ile ile ya lami aliyoisikia mama mkwe kwenye nyama. Nikamwaga ndoo tatu za mkaa ule uani nikaanza kuchambua. Ndoo moja nzima ilikuwa visinga.

Mume wangu nimeshamwomba radhi. Muuza mkaa bado namtafuta.

Kwa hiyo hapa sitakueleza habari za ukubwa wa vipande wala mkaa upi unakaa muda mrefu jikoni. Hayo kila mtu anayajua, na kila muuzaji anajua kuyapanga juu ya gunia ili uyaone. Mimi nina ugomvi na kitu kimoja tu, kisinga, yaani mti ulioungua nje ukabaki mti ndani.

Mkaa wetu mwingi unachomwa kwenye tanuri la udongo. Magogo yanapangwa, yanafunikwa kwa majani na udongo, yanawashwa, kisha yanaachwa yaungue kwa kubanwa hewa. Moshi mzito mweupe wa mwanzo ni maji yanatoka kwenye mti. Baadaye zinafuata gesi na lami. Mkaa ulioiva vizuri umefikia joto la nyuzi 450 hadi 500, na tanuri likifika hapo moshi wake unakuwa mwembamba wa bluu, kisha hauonekani kabisa. Hiyo yote inaweza kuchukua siku kadhaa, na tanuri kubwa wiki mbili au zaidi. Sasa fuso la mnunuzi likifika kabla ya siku yake, au mvua ikitishia, tanuri linafunguliwa hivyo hivyo. Magogo ya chini na ya pembeni yanatoka hayajaiva, yanatiwa gunia moja na ndugu zao walioiva, na lami yote iliyotakiwa kuishia porini inakuja kumalizikia kwenye nyama yako.

Ukichemsha maharage kisinga hakikusumbui sana, sufuria ina kitako na mfuniko. Nyama ya kuchoma haina kinga. Moshi wa lami unapanda moja kwa moja, unanata kwenye mafuta, na ndimu au pilipili ya aina yoyote haiuondoi.

Halafu kuna ule ushauri wa wazee wa kuchagua mkaa mzito. Ni ushauri mzuri, ila kisinga nacho ni kizito, mara nyingi kuliko mkaa wenyewe, maana bado ni mti. Ndivyo nilivyoingia mkenge. Nilikuwa nanyanyua pande moja moja pale barabarani, najifanya mtaalamu, kumbe napima kuni.

Dawa yake ni kuvunja. Chagua kipande cha katikati ya gunia, si cha juu, kigonge kwenye kingine. Kilichoiva kinalia kwa sauti kali, kama kigae cha chungu, na kinakatika kwa ghafla. Pale kilipokatika pawe peusi panapong'aa, na miduara ya mti uione vizuri kama imechorwa. Ukiona kahawia popote, rudisha. Kikigoma kukatika, kikawa kinachanika nyuzi nyuzi, rudisha haraka zaidi. Kinuse pia, maana mkaa mzuri hauna harufu yoyote. Muuzaji akikataa usivunje, umeshapata jibu lako bila kuvunja.

Sasa orodha yangu, na naanza kwa kukiri kwamba nina upendeleo.

Namba moja ni mkaa wa Kilosa, mkoani Morogoro. Mkaa wa gunia hauna chapa wala nembo, lakini kwangu mimi Kilosa ni chapa, na nikisikia jina hilo natoa pochi kabla sijauliza bei. Sisemi mkaa wowote uliopita Morogoro, nasema ule wa vijiji vyenye misitu yao wenyewe. Mwaka 2012 mashirika ya kuhifadhi misitu, TFCG na MJUMITA, walianza huko mradi wa mkaa endelevu kwa fedha za Uswisi. Kijiji kinatenga eneo kwenye msitu wake, kinakata kitalu kimoja kimoja, na kitalu kilichokatwa kinaachwa kichipue kwa miaka 24. Ushuru wa magunia unaingia kwenye mfuko wa kijiji. Wachomaji walifundishwa tanuri lililoboreshwa, na faida ya hilo naiona kwenye jiko langu, kwa sababu mchomaji anayelipia kibali na kuchoma mchana kweupe hana sababu ya kufungua tanuri usiku kwa kumkimbia askari wa misitu. Miti yenyewe ni ile ya miombo, myombo na mtondoro na jamaa zao, migumu ya kutosha. Gunia langu la mwisho la Kilosa nilipata visinga vinne. Vinne, gunia zima! Nilivihesabu.

Ubaya wake ni kwamba kila muuzaji Dar es Salaam siku hizi anakwambia mkaa wake umetoka Kilosa. Mwombe stakabadhi na kibali cha kusafirishia mazao ya misitu. Wa kweli anazo au anamjua aliye nazo. Wa uongo anaanza kukuita dada mkubwa na kukupunguzia elfu mbili.

Namba mbili ni mkaa wa migunga, kuanzia mgunga wenyewe hadi mkambala, unaoletwa kutoka upande wa Dodoma na nyika za bara. Kama unachoma mbuzi mzima au ndafu, chukua huu. Unachelewa kushika, utapepea mpaka mkono uume, lakini ukishashika kaa lake linatulia saa nyingi bila kuongezwa. Nimeuweka wa pili kwa sababu ya kisinga tu. Mti mgumu unataka muda mrefu tanurini, na mchomaji mwenye haraka akiuharakisha, moyo wa gogo unabaki mti. Hapa vunja vipande vitano, si kimoja.

Namba tatu ni mkaa wa vifuu vya nazi. Watu wa bara wanaucheka, na mimi wa kwanza niliucheka mpaka nilipokula pweza wa kuchoma kwa shangazi yangu Tanga. Kifuu ni chembamba, kwa hiyo kinaiva chote, hakina moyo wa kujificha. Kwenye ugomvi wangu na kisinga huu ndio mshindi halali, na ningeuweka wa kwanza kama si mambo mawili: Dar kuupata ni bahati, na vipande vyake ni vidogo, vinapenya kwenye waya wa jiko la pipa na kudondokea kwenye majivu. Weka wavu wenye matundu madogo chini. Kwa mishikaki, samaki na mahindi sijaona mkaa wa kuushinda, moto wake ni mkali na moshi karibu hakuna.

Namba nne ni mifuko ya karatasi ya supamaketi. Safi, mikavu, unaibeba na gauni jeupe. Kwa bei ya mifuko kadhaa unakaribia gunia zima, na mfuko mmoja unaishia kwenye kuku wawili. Tena umeshonwa, huwezi kuvunja kitu, unanunua kwa imani. Kama una wageni wanne na unakaa ghorofani, nunua, sikusemi.

Mkaa wa kopo wa gengeni ni wa chai na uji. Mkaa wa mwembe ni mwepesi, unaisha hujageuza nyama. Tofali za mkaa mbadala chemshia makande, kwa nyama ya kuchoma zina majivu mengi. Wa mikoko usiniulize. Misitu ile ni hifadhi, na anayekuuzia usiku kwenye kiroba anajua kwa nini ni usiku.

Nirudi kwa wauzaji, maana bado wamenikaa kooni. Nani alituambia gunia ni kipimo? Kuna gunia la kilo 50 na kuna gunia la karibu mara mbili yake, yote yanaitwa gunia. Kishungi kinashonewa kwa kamba na majani, juu wanapanga mapande kama tofali za kanisa, katikati chenga, chini vumbi na udongo wa tanuri. Vitunguu na viazi tumepigia kelele lumbesa miaka yote, Wakala wa Vipimo wakatusaidia kupiga kelele. Mkaa tumeuachia, sijui kwa kuwa unachafua mikono.

Na bei! Masika ikianza wanasema barabara za porini hazipitiki, na hapo nawaelewa, nimeona fuso limezama mpaka kwenye vioo. Masika ikiisha bei inabaki kule kule juu, na hapo siwaelewi. Serikali ilipotaka taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 ziache kuni na mkaa ifikapo 31 Januari 2024, muuzaji wangu wa zamani alinipandishia elfu kumi kwa sababu "mama, mkaa umepigwa marufuku." Nikamuuliza kama mimi na mume wangu na watoto watatu tunafika 100. Akacheka. Elfu kumi hakupunguza.

Ambaye gunia lenye visinga limeshaingia ndani, usilitupe. Limwage lote kwenye turubai siku ya jua, vunja kila pande kubwa, visinga tenga kwenye debe lake. Kikikuponyoka kimoja kikaingia jikoni, utakijua kwa mwali wa njano na moshi unaotoka upande mmoja. Kitoe kwa koleo, usikifukie kwenye makaa kwa matumaini. Na nyama isipande wavuni mpaka moshi wote ukate na makaa yavae majivu meupe kote, hata kama mashemeji wanapiga meza. Wape soda.

Debe langu la visinga vya kipaimara lilichemsha maji ya kuoga ya nyumba nzima kwa wiki mbili. Gunia la Kilosa liko stoo, limesimama juu ya tofali mbili lisinyonye unyevu wa sakafu, mdomo nimeufunga kwa kanga kuukuu. Nilipouacha wazi, tetea wangu mwekundu aliingia kutagia humo, na mayai matatu nikayakuta meusi kama yametoka tanurini.