Jaketi la baridi nililolinunua nikitokwa jasho Karume

Naendesha lori kutoka bandarini Dar hadi Tunduma, na Juni mwaka jana baridi ya Makambako ilinitia adabu. Nilikuwa na jaketi jipya kabisa la dukani Kariakoo, limejaa sponji kama godoro. Duka silitaji. Usiku nashuka kukaza kamba za turubai, upepo ukapita kwenye ule unene wote kama nimevaa chandarua. Zipu ilishang'oka meno tangu Iringa, kwa hiyo mkono mmoja kamba, mwingine umeshikilia jaketi kifuani.

Kosa lilikuwa langu pia. Sisi wa Dar nguo za baridi tunazinunua kwenye joto. Unajaribu jaketi saa saba mchana, shati limegandia mgongoni, mwili wenyewe unakuchagulia lile jepesi. Au unachagua kwa macho: nene, lina manyoya kwenye kola, basi. Ukifika nyanda za juu, na Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, unagundua kwamba unene usiozuia upepo ni mzigo tu.

Safari hii nikaenda soko la mitumba la Karume asubuhi, wakati mabelo yanafunguliwa. Nilitaka yale ya kazi, ya pamba ngumu kama turubai, rangi ya kahawia. Wauzaji wengi watakwambia ni Carhartt hata kama lebo inasema kingine. Kampuni hiyo ilianza Detroit, Marekani, mwaka 1889, ikiwashonea ovaroli wafanyakazi wa reli. Langu mimi lebo ilishakatwa, imebaki alama ya uzi tu. Sikujali.

Nikaweka mdomo kwenye kitambaa, kiganja upande wa pili, nikapuliza kwa nguvu. Matatu ya kwanza pumzi ikafika kiganjani. Muuzaji akacheka: "Kaka, unanunua jaketi au unajaza puto?" La nne, kimya. Nikalivaa, nikanyoosha mikono juu kama navuta kamba. Kiuno hakikubaki wazi. Nikachuchumaa. Nikapandisha na kushusha zipu mara kumi, ya chuma, imeandikwa YKK, kampuni ya zipu ya Kijapani, na juu yake kuna kipande cha kitambaa kinachoifunika ili upepo usipenye kwenye meno. Bitana ya ndani inateleza, kwa hiyo hata ukivaa sweta mikono inaingia bila kuvutana. Mabegani mshono una nyuzi tatu sambamba. Alitaka 45,000, tukaishia 32,000.

Limeshakwenda Tunduma mara tisa. Upepo halipitishi, na siku seng'enge iliponinasa begani ilibaki alama ya mkwaruzo tu. Mwanzoni lilikuwa gumu, viwiko vinagoma kukunjika, ila baada ya wiki mbili likanizoea.

Kwenye mvua ndipo linaponiudhi. Pamba inakunywa maji, jaketi linakuwa zito kama gunia la chumvi. Nililifua Aprili, masika imepamba moto, likakauka siku ya tatu. Kama kazi yako ni ya kunyeshewa, tafuta la nailoni, au beba koti la mvua la kuvaa juu yake kama ninavyofanya mimi.

Kuna kasoro moja nilipitiwa kuikagua siku ile: lastiki za mwisho wa mikono zilikuwa zimelegea, upepo ukawa unapanda hadi kwapani. Fundi cherehani mmoja wa Buguruni akazinyofoa, akakata soksi ndefu za mpira wa miguu, akashonea pale shingo zake. Elfu nne. Zinabana vizuri sana, ila ni nyekundu, na utingo wangu tangu siku hiyo ananiita Winga. Juzi usiku Makambako, zamu yake ya kushuka kukagua matairi, aliliomba mwenyewe, soksi na zote.