Kolamu ya usukani ya Camaro 1969: ipi ununue, na uikague wapi kabla hujatoa hela

Meseji zenu zimezidi na karibu zote zinalia kilio kimoja, mtu kanunua kolamu (lile bomba lenye shafti ndani linaloshika usukani), kasubiri mzigo, umefika siyo wenyewe. Msomaji mmoja wa Muscat aliuziwa na mtu wa Marekani kolamu iliyoandikwa kabisa Camaro 1969, kufungua boksi haina hata pa kuchomeka ufunguo! Hiyo ni ya 1967 au 1968 ndugu zangu, miaka hiyo swichi ilikuwa kwenye dashibodi, GM (General Motors, watengenezaji wa Camaro) waliihamishia kwenye kolamu mwaka 1969 pamoja na loki ya usukani. Muuzaji wa spea hizi hawezi kusema hakujua.

Rangi na kroma siongelei, hayo mnayaona wenyewe. Mimi nataka mwangalie plastiki.

Kolamu hizi zilitengenezwa na Saginaw, kitengo cha GM chenyewe, na zimeundwa zijikunje na kufupika gari likigonga ili usukani usikuponde kifua. Shafti ni vipande viwili, kimoja kinaingia ndani ya kingine, na vinashikiliwa na pini za plastiki iliyomiminwa kwenye matundu. Ajali ikitokea zile pini zinakatika. Sasa balaa ni kwamba nyundo nayo inazikata, na huko kwenye magari chakavu mtu anataka kung'oa usukani chapchap, hana pula (kifaa cha kuvutia usukani), anagonga ncha ya shafti weee mpaka usukani utoke, halafu anaipiga rangi nyeusi inang'aa anakuuzia. Kitabu cha ufundi cha kiwandani kinakataza kuigonga, kuiangusha kwa ncha, hata kuiegemea!

Kwa hiyo shika ncha ya shafti, isukume na uivute kwa mkono, ikiteleza kuingia na kutoka achana nayo. Halafu angalia breketi inayoifunga chini ya dashi, ina vidude viwili pembeni vimeshikwa kwa plastiki vilevile, kimoja kikiwa kimesogea ujue iliwahi kuvutwa au kugongwa. Omba picha ya hapo. Muuzaji anayekutumia picha ya juu tu kila ukiomba, mwache na kolamu yake.

Namba moja kwangu ni Saginaw ya asili, ya mwaka wako, hata ikiwa na kutu, na hapo sibishani na mtu. Kama mkono wako wa gia uko chini sakafuni usichukue kolamu yenye pa kufunga mkono wa gia, na hakikisha kile kilevo cha chini kabisa kipo, kile kinachoungana na fimbo inayotoka kwenye gia, maana kwenye 1969 ya manyuo (gia za kubadili kwa mkono) unaweka rivasi ndipo ufunguo utoke. Soketi ya nyaya za indiketa pia ipime kwa rula, za GM kuna ya inchi 3 na 7/8 na ya inchi 4 na 1/4, na hazichomekani.

Namba mbili ni ya kampuni ya ididit, wa Tecumseh kule Michigan, ni mpya, tilti (ya kuinamisha usukani) ipo, na haijapita kwenye nyundo ya mtu. Ukikosa Saginaw nzima chukua hii ulale usingizi. Tatu ni ya Flaming River, kampuni nyingine, nzuri pia.

Zile za bei chee zisizo na jina, hapana. Hicho kitu kinaelekea kifuani kwako.

Na hizi bei jamani, kolamu imetolewa kilevo kinauzwa kivyake, swichi kivyake, breketi kivyake, halafu ganda lililobaki linaitwa kamili na chini wameandika hairudishwi, na mtu wa Muscat au Mombasa analipia usafiri unaokaribia bei ya kolamu yenyewe. Ukiuliza kama shafti inateleza hujibiwi, ukiuliza unatuma lini hela unajibiwa dakika hiyohiyo.