Kuku wa kienyeji au mbuzi wa maziwa kwa mtoto wa Malindi?

Katika vijiji vya Malindi, mama anapopata akiba ndogo ya kununua mfugo hujiuliza aanze na yupi kwa ajili ya afya ya wanawe. Kwa gharama na muda, kuku hana mpinzani: mayai huanguliwa kwa siku 21, ilhali mbuzi hubeba mimba takriban siku 150 kabla ya tone la kwanza la maziwa.

Kwa lishe, jambo ni zito zaidi. Yai moja lina takriban gramu 6 za protini, pamoja na vitamini B12. Jaribio la Ekuador lililochapishwa mwaka 2017 lilionyesha kuwa kudumaa kulipungua miongoni mwa watoto wachanga waliopewa yai moja kila siku kwa miezi 6. Lakini jaribio kama hilo nchini Malawi, ambako watoto wengi walikwisha kuzoea samaki, halikuona tofauti hiyo, na hapo familia ya mvuvi ina la kutafakari. Maziwa ya mbuzi yana kalsiamu nyingi, ila yana upungufu wa foleti (vitamini B9) na madini ya chuma, ni lazima yachemshwe ili kuepuka ugonjwa wa brusela, na kamwe yasichukue nafasi ya ziwa la mama kwa mtoto ambaye hajatimiza mwaka.

Kwa matunzo, ugonjwa wa kideri huweza kumaliza banda zima la kuku wasiochanjwa, nami nalihofia hilo kuliko gharama yoyote. Mbuzi huvumilia ukame, ila huhitaji malisho na mchungaji. Mwenye ua mdogo mjini atafaidika na kuku. Mwenye vichaka huko Magarini, jirani na Malindi, na mtoto aliyepita mwaka, atapata kikombe chake cha maziwa asubuhi hata kuku wakiwa hawatagi.