Mnada wa vyombo vya kale Bagamoyo: nilifuata pete ya hodi

Nimezoea mnada wa samaki wa pale ufukweni, ambako ukipepesa jicho tu changu ameshakwenda. Huu wa vyombo vya kale niliouhudhuria mwezi uliopita, kwenye ua wa nyumba moja Mji Mkongwe wa Bagamoyo, ni wa watu wapole mno. Dalali anainua kitu, anataja bei ya kuanzia, watu wanaangaliana kama wako matangani.

Nakusanya pete za kubishia hodi, zile za chuma au shaba zinazopigiliwa mlangoni. Orodha ya mnada ilikuja WhatsApp siku mbili kabla: picha zenye giza, maelezo maneno mawili tu, "ya kale". Muda wa kukagua ni saa moja, kuanzia saa mbili asubuhi. Daladala yangu ya kutoka stendi ya Makumbusho, Dar es Salaam, ilifika saa tatu kasoro kumi, kwa hiyo nilikagua kwa macho ya mtu anayekimbia mvua.

Nikauona mkono wa shaba wa kubishia hodi, umeshika tufe. "Huu umetoka nyumba ya Mjerumani," dalali akasema. Bagamoyo kila kilichochakaa ni cha Mjerumani, hata kitasa cha juzi, ingawa makao makuu yake yalihamia Dar es Salaam mwaka 1891. Ningejiuliza pia mkono huo unafanya nini huku. Ni pambo la milango ya Ufaransa, Hispania na nchi za Mediterania. Milango yetu mingi ya nakshi ina riza (mnyororo wa kufungia mlango), tumbuu (pete ya chuma inayotiwa riza) na misumari ya shaba. Sikujiuliza. Nikapandisha hadi 85,000, na wakati wa kulipa ndipo nikaambiwa kuna asilimia 10 ya dalali. Haikuandikwa popote kwenye orodha.

Nyumbani nikautegea sumaku niliyoitoa kwenye spika mbovu. Ikanasa, tap! Shaba hainaswi na sumaku. Hiki kilikuwa chuma kilichopakwa rangi ya dhahabu. Kuugeuza, nyuma kuna skrubu za nyota, na hizo zilianza kuenea miaka ya 1930. Hata skrubu zinaweza kubadilishwa, najua, lakini zikiungana na sumaku sina la kujitetea. Sasa sumaku inakaa mfukoni.

Jambo jingine halikunipendeza. Ilinadiwa fremu ya mlango yenye nakshi, mnunuzi mmoja akauliza kwa sauti namna ya kuisafirisha ng'ambo, na hakuna aliyemtajia kibali. Tuna Sheria ya Mambo ya Kale tangu 1964. Dalali mzoefu hakosi kuijua.

Mbona basi nawapa nyota tatu? Kwa sababu ya riza. Ilikuwa chini ya boksi la makorokoro, imeota kutu, pamoja na tumbuu yake, hakuna aliyeitaka. Nikaichukua kwa 30,000. Kila pete ya mnyororo ule imefuliwa kwa mkono, hakuna mbili zinazolingana, na mahali ilipokuwa ikisuguana chuma kimelika kikawa laini kama kokoto ya pwani. Kulika namna ile hakuigizwi kwa tindikali. Niliilaza usiku kucha kwenye mafuta ya taa, asubuhi nikaisugua kwa mswaki wa zamani. Msasa usiuguse kabisa, na shaba ya kweli msiioshe kwa ndimu mpaka ing'ae kama sufuria mpya. Wanunuzi wanaojua watawakimbia.

Ukienda, fika mapema, uliza asilimia kabla ya kuinua mkono, na subiri maboksi ya mwisho.

Bibi jirani yangu, mzaliwa wa Bagamoyo, alipoiona riza barazani hakuuliza bei. Aliishika ncha, akaigonga kwenye tumbuu mara tatu, kha-kha-kha, akaniambia, "Mjukuu wangu, mama akirudi kisimani alikuwa anagonga hivi. Hodi yake ilikuwa hii."