Marufuku ya kuingia Schengen: usubiri iishe au uombe ifutwe?

Umerudishwa kutoka Ujerumani au nchi nyingine ya Schengen (nchi za Ulaya zisizokaguana mipakani) na kupigwa marufuku ya kuingia tena, sasa uko Dodoma na unataka kurudi kule.

Kusubiri hakuna gharama. Marufuku kwa kawaida haizidi miaka 5, na huhesabiwa tangu siku ulipotoka kweli, si siku ya uamuzi. Hapo ndipo watu hukwama: tunza muhuri wa kutoka na kipande cha tiketi ya ndege, la sivyo utabishana kuhusu tarehe. Pasipoti mpya haikufichi, kwani alama za vidole zinaweza kuwemo kwenye SIS, mfumo wa taarifa unaotumiwa pamoja na nchi za Schengen.

Kuomba ifutwe kunamfaa zaidi aliyeondoka ndani ya muda aliopewa, au mwenye mke na watoto kule. Barua huenda kwa mamlaka ya nchi iliyoweka marufuku, si kwa nchi yoyote ya Schengen. Ambatisha nakala ya uamuzi, ushahidi wa kutoka, na vyeti vya ndoa na kuzaliwa vilivyotafsiriwa. Ikibaki miezi michache, bora usubiri tu.

Vyovyote vile, viza huombwa upya: yuro 90 kwa viza ya muda mfupi, pamoja na nauli ya treni hadi Dar. Kabla ya kulipa, omba taarifa zako za SIS uone kama jina limeondolewa.