Kliniki ya saratani ya utumbo mpana: nyota nne, ya tano nimeibana

Nimekaa miezi 6 kwenye viti vya kliniki hii nikimsindikiza mama, kwa hiyo nasema ninachokijua. Daktari wa upasuaji nampa alama zote. Alichukua karatasi, akachora utumbo kama bomba: uvimbe ukiwa bado ndani ya ukuta, yaani hatua ya 1, kukata kunatosha, hatua ya 2 mara nyingi ni hivyo hivyo, kemo (dawa za kuua saratani) huongezwa hatari ya saratani kurudi ikiwa kubwa. Mama alikuwa hatua ya 3. Tezi za limfu 17 za karibu na utumbo zilipimwa (wanataka zisipungue 12), 2 zikakutwa na saratani, ndiyo maana baada ya kisu ikafuata kemo. Nilipouliza hatua ya 4 hakukwepa: mara nyingi dawa hutangulia, ila vivimbe vichache kwenye ini wakati mwingine navyo hukatwa.

Wauguzi wa kemo ni wapole, mshipa wanaupata mara ya kwanza. Lakini hakuna aliyetuambia kwamba oksaliplatini, dawa mojawapo ya kemo, na baridi haviivi chungu kimoja. Mama alifungua friji, akashika chupa ya maji, akaiachia kwa ukelele. Vidole vilimchoma kama amepigwa shoti. Tukapiga simu kliniki, ikaita weee. Siku hizi anatoa maziwa kwa glavu, huku anajicheka.

Mapokezi? Faili limepotea mara mbili. Kipimo cha damu cha CEA (protini inayoweza kuashiria saratani imerudi) tunarudia kila miezi 3, na nakala za majibu natunza mwenyewe.